Baba anasita kutuachia mashua ya mita 4.6 kwa safari ya siku tatu

Shikamooni manahodha,

Nina miaka 18. Kwa misimu mitatu nimekuwa nikiendesha mashua yetu ya tanga ndani ya ghuba, mara nyingi na rafiki yangu wa miaka 17. Sasa tunataka kutoka na kufuata pwani kwa siku tatu: maili 14 za baharini siku ya kwanza, 22 siku ya pili, 11 siku ya tatu. Tutatembea mchana tu, usiku tutalala nchi kavu.

Mashua ina urefu wa mita 4.6 na haina sitaha. Ina tanga kubwa, tanga dogo la omo (mbele), ubao wa kati unaopanda na kushuka, makasia mawili na kimashine cha HP 4. Ubao ukiwa juu mashua inazama sentimita 15, ukiwa chini inazama sentimita 90.

Siku ya pili ndiyo inayotugombanisha nyumbani. Kwenye maili ya 13 kuna rasi, na ramani ya bahari inaonyesha mkondo unaofika noti 2 (maili 2 za baharini kwa saa) pale. Maji yakijaa mkondo unakwenda tunakokwenda sisi, yakipwa unatukabili, na hugeuka karibu na saa ya kupwa kabisa. Kabla ya rasi, maili ya 9, kuna kijighuba. Baada ya rasi hakuna pa kuingilia mpaka mlango wa hori tunakokwenda, nao una fungu la mchanga linalokauka. Nimepiga hesabu ya noti 4.5: tukiondoka saa 4 asubuhi, saa 9 alasiri tumefika. Baba anasema hiyo ni hesabu ya mtu aliyekaa mezani. Mjomba anasema tusiende bila chombo kikubwa cha kutusindikiza. Nilipomtajia baba habari za Laura Dekker, aliyemaliza kuizunguka dunia peke yake Januari 2012 akiwa na miaka 16, akasema mimi si yeye. Lakini ameahidi kuniruhusu kama watu wanaoijua kazi hii watasema mpango unafaa. Je, unafaa? Kama haufai, turekebishe nini?

Nahodha Mchanga

*

Marahaba, kijana wetu.

Safari yenyewe inawezekana kwa mashua ya ukubwa huo. Mpango wa siku ya pili, kama ulivyouandika, haufai. Baba yako amegusa penyewe: kasoro iko kwenye mwendo uliouweka katika hesabu.

La Laura Dekker tulimalize kwanza. Alisafiri kwa Guppy, chombo chenye sitaha, milingoti miwili na urefu unaozidi mita 11. Mwaka 2009, akiwa na miaka 13, mahakama ya Uholanzi ilimzuia. Alipong'oa nanga mwaka 2010 alikuwa na 14. Chombo cha namna ile kikizidiwa katikati ya bahari, matanga yanatuliwa na kinaachwa kisukumwe maili kumi au ishirini bila kugonga kitu. Ninyi mtakuwa na maili moja au mbili kati yenu na miamba. Chombo kidogo kinachofuata pwani huangamizwa na nchi kavu iliyo upande wa demani, pale upepo unapokisukumia, na wakati huohuo hakina mlango wa kuingilia. Kwa hiyo kila mnapokuwa, mjiulize: tukikwama hapa, tunaingilia wapi, na mlango huo unafungwa saa ngapi?

Sasa hesabu. Mashua yenye mita 4.2 hivi kwenye mstari wa maji haipiti noti 5 isipokuwa inateleza juu ya wimbi, na yenye mzigo wa siku tatu haitateleza. Noti 4.5 ni mwendo wa saa nzuri. Wastani wa kutwa nzima, ukijumlisha upepo unaolegea na mawimbi yanayorudisha omo nyuma, ni noti 3. Kwa noti 3, maili 22 ni muda wa saa 7 na dakika 20. Mkiondoka saa 4 asubuhi mtafika saa 11:20 jioni, si saa 9. Upepo ukiwa wa omo mtalazimika kubisha, yaani kwenda upandeupande dhidi ya upepo. Mashua hukata takriban nyuzi 45 kila upande, kwa hiyo maili 22 za ramani zinakuwa 31 za majini, yaani zaidi ya saa 10. Hapo mtafika fungu la mchanga saa 2 na nusu usiku, gizani, mmechoka, bila kujua maji yako wapi. Hilo ndilo baba yako aliliona.

Ondokeni saa 12 asubuhi. Kijighuba cha maili ya 9 mtakifikia saa 3, rasi saa 4:20, hori saa 7:20 mchana. Kisha tafuteni kwenye jedwali la maji siku ambayo maji yanapwa kabisa karibu na saa 4:20 hiyo. Mkondo utakuwa umesimama mkiwa rasini, na kuanzia hapo utawasukuma. Msitafute siku hiyo kwa kubahatisha: saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa hiyo hurudi mara moja kama kwa wiki mbili. Ikiangukia maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, ndiyo bora, maana mkondo huwa karibu nusu ya ule wa bamvua, siku za maji makubwa. Ikiangukia bamvua, iacheni. Tafuteni siku ya maji mafu yenye saa nyingine ya kupwa, msogeze safari nzima ilingane nayo, mradi mnafika mwanga ungali upo. Mhakikishe pia kwenye ramani kwamba mkondo wa rasi unageuka saa ileile ya pwani. Kwenye rasi nyingi unatangulia au unachelewa.

Hapo rasini kuchelewa nusu saa ni salama kuliko kuwahi nusu saa. Mkiwahi, maji bado yanapwa na yanawakabili. Mkichelewa, yamekwisha kugeuka na yanawabeba. Lakini yanawabeba salama endapo tu upepo nao unatoka nyuma au ubavuni. Upepo ukitoka mbele huku mkondo unasukuma kutoka nyuma, vitu viwili hivyo hugongana, na wimbi lililokuwa refu na pole hufupika, husimama wima na kuvunjika. Mashua isiyo na sitaha hujazwa na wimbi moja la aina hiyo. Kwa hiyo, kama siku hiyo mnabisha, rasi haipitwi. Mtaingia kijighubani mlale.

Andikeni kabisa saa ya kukata shauri: tukifika usawa wa kijighuba baada ya saa 3:45, tunaingia. Iandikwe nchi kavu, kwa kalamu, maana baharini kila mmoja ataona aibu kuwa wa kwanza kusema turudi. Tena mkiipita rasi, kaeni mbali nayo. Vurugu la maji huwa karibu na ncha, na maili moja na nusu nje kwa kawaida huwa tulivu zaidi, ingawa mnaongeza njia.

Fungu la mchanga ndilo mlango wenu wa mwisho, nalo linahesabika. Chukua kimo cha kujaa, toa kimo cha kupwa, gawa kwa 12. Katika saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme siku hiyo yanapwa hadi mita 0.4 na kujaa hadi 2.2. Tofauti ni mita 1.8, na kila sehemu ni sentimita 15. Baada ya saa tatu yamepanda sehemu 6, yaani sentimita 90, na kimo ni mita 1.3. Kama ramani inasema fungu linakauka kwa mita 0.5, juu yake kuna sentimita 80. Ubao wenu ukiwa chini unahitaji 90, kwa hiyo upandisheni nusu, na usukani pia kama wenu unapanda. Kumbukeni pia kwamba bonde la wimbi la sentimita 40 huiba sentimita 20 kwenye kina hicho. Baada ya saa nne kina ni mita 1.25 na hakuna wasiwasi. Ndiyo kusema, yakipwa kabisa saa 4:20, mlango unafunguka saa 7:20 na kubaki mzuri hadi yajae, karibu saa 10:30 jioni. Baada ya hapo kina kingalipo, lakini maji yanayotoka horini yanakutana na mawimbi yanayoingia na fungu zima linaanza kuvunja. Kutoka nje huwezi kuona vizuri, kwa sababu unatazama migongo ya mawimbi. Meupe yenyewe yako upande wa pili.

Tulijaribu ratiba hiyo kwa ubaya. Mmepita kijighuba dakika ya mwisho, saa 3:45. Rasi saa 5:05. Mara mnapoizunguka, upepo unageuka kuwa wa omo: maili 9 zilizobaki zinakuwa karibu 13, muda wa saa 4 na robo. Mnafika saa 9:20 alasiri, mlango ungali wazi. Mpango unaostahimili hivyo tungeupitisha.

Sasa mashua yenyewe. Hukuandika neno hata moja kuhusu kupinduka, na hilo limetutia hofu kuliko hesabu ya mwendo. Kabla ya safari, siku ya upepo wa kawaida, maji yakiwa ya kina cha shingo na mtu mwingine amesimama karibu, ipindueni makusudi. Pindueni ikiwa na mzigo wote wa safari, umefungwa kama utakavyofungwa. Mmoja azunguke hadi kwenye ubao wa kati, mwingine abaki ndani kwenye maji akilegeza kamba za demani zote mbili, yaani zinazovuta matanga. Kamba ikibaki imekazwa, tanga litakamata upepo mashua inapoinuka na kuipindua tena upande wa pili. Omo ielekee upepo. Aliye kwenye ubao apande karibu na mkuku, asimame, avute. Aliye ndani ajilaze ili mashua ikiinuka imwinue nayo. Wote wawili mjaribu kila nafasi.

Halafu tazameni kisanduku cha ubao wa kati, kile ambamo ubao hupanda na kushuka. Hapa ndipo mashua nyingi za wazi zinaposhindikana. Mashua iliyojaa maji ikikaa chini kiasi kwamba mdomo wa kisanduku uko chini ya maji, kila ndoo unayotoa inarudi kupitia humo. Unaweza kukumba maji mpaka jioni. Dawa ni mbili. Wekeni kitambaa kizito cha kuziba ule mdomo, kimefungwa papo hapo kwa kamba fupi. Na ongezeni mifuko ya hewa: minne ya lita 100, miwili chini ubavuni, mmoja omo, mmoja tezi (nyuma), ikifungwa kwa mikanda mipana kwenye mbao, si kwa kamba nyembamba. Kila lita 100 chini ya maji husukuma juu kwa karibu kilo 100, kwa hiyo kamba nyembamba hukata mfuko au hukatika yenyewe. Jaribio limefaulu iwapo mashua imejaa, ninyi wawili mmo ndani, mdomo wa kisanduku uko juu ya maji, na ndoo mbili za lita 10 zinayapunguza maji kwa dakika chache. Likishindikana, safari isubiri. Na chombo kikikataa kabisa kusimama, msikiache mkaogelea kwenda pwani. Mashua iliyopinduka huonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani.

Jaketi okozi livaliwe tangu mnasukuma mashua hadi mnaivuta juu. Maji ya baridi hukata pumzi katika dakika ya kwanza, na ndani ya dakika 10 vidole havifungi tena kifungo. Hata maji ya uvuguvugu hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa.

Tanga lipunguzwe mapema. Nguvu ya upepo huenda kwa mraba: kutoka noti 10 hadi 15 nguvu juu ya tanga huwa mara mbili na robo ya ile ya awali. Utabiri ukisema zaidi ya noti 16, msiondoke. Mkiona vichwa vyeupe vinaanza kuwa vingi baharini, punguzeni hapohapo. Legeza demani, shusha henza (kamba ya kupandishia tanga) hadi tundu la kwanza, funga pembe ya mbele, kisha pembe ya nyuma, pandisha tena na ukaze. Vikamba vya katikati vifungwe kwa ulegevu mwisho kabisa. Kazi yake ni kukusanya nguo iliyobaki. Vikikazwa halafu pembe ya nyuma ikafunguka, uzito wote unakuja kwenye matundu yale madogo na tanga linapasuka kwa mstari. Mfanye hivyo mkiwa bado bandarini mpaka inachukua dakika mbili, tena kila mmoja peke yake.

Kila mmoja peke yake: hilo lihusu mambo mengine pia. Rafiki yako awe na uwezo wa kuileta mashua nyumbani bila wewe. Tupeni boya majini bila kumwambia, umwachie kana (mkono wa usukani), naye alifuate, ageuze na kulisimamia boya likiwa upande wa joshi, unakotoka upepo, matanga yamelegea, mashua imetulia. Mara tano mfululizo. Hapo mtajua kama mko mabaharia wawili au mmoja na abiria.

Nanga: kilo 4 au 5, mnyororo wa mita 4, amari (kamba ya nanga) ya mita 40 yenye unene wa milimita 10. Urefu wa kuachia hauhesabiwi kwa kina cha sasa hivi. Kina cha mita 3 maji yakiwa chini, yatapanda 2, na omo iko nusu mita juu: jumla 5.5. Zidisha kwa 5, unapata mita 27.5. Ncha ya amari iwe imefungwa ndani kabla nanga haijaguswa. Nanga ndiyo inayokupa nafasi ya kufikiri pale upepo wa kuelekea pwani unapokusukumia miamba, kwa hiyo ikae mahali mkono unaifikia, si chini ya mahema.

Kimashine cha HP 4 msikitegemee kuwatoa rasini. Wimbi likiinua tezi, pangaboi linatoka majini na mashine inapiga kelele bure. Ni chombo cha kuingilia horini na cha siku isiyo na upepo. Kikikazwa, kadirieni lita moja na nusu ya mafuta kwa saa. Chukueni lita 10, na tangi lijazwe kabla ya kijighuba, kwa sababu kumimina mafuta juu ya mawimbi humwaga mafuta na huingiza maji ya chumvi. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mguuni mwa anayeiendesha.

Maji ya kunywa lita 4 kwa mtu kwa siku, kwenye chupa nyingi ndogo zilizofungwa. Tochi nyeupe yenye nguvu, kwa sababu chombo cha tanga chini ya mita 7 kisichoweza kubeba taa za safari kinatakiwa angalau kiwe nayo tayari kuionyesha kwa wakati. Dira mbili. Ramani ya karatasi hata kama simu inaonyesha njia.

Redio ya VHF ya mkononi, isiyoingia maji, ikae mwilini mwa nahodha. Chaneli ya 16, ya kuitia msaada. Ikiwa usawa wa kifua ndani ya mashua, haifiki mbali: mawimbi yake hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Mtaongea na chombo kilicho maili tatu au nne, na mbali zaidi ikiwa mnara wa kupokea uko juu kilimani. Ikiwezekana ongezeni kifaa cha kuomba msaada kwa satelaiti cha 406 MHz, kilichosajiliwa kwa jina lako kabla ya safari.

Mjomba wako ana hoja, lakini chombo kikubwa si ulinzi anaoudhani. Hakiwezi kuwafuata kwenye maji madogo, na kikiwavuta kwa zaidi ya noti 5 mashua yenu itainamisha omo na kujaa. Akitaka kusaidia, aende kwa njia ya nchi kavu akae horini tangu saa 7 mchana na redio, mahali pa juu anapoliona fungu, awaambie kama linavunja.

Baba yako mpe karatasi yenye rangi ya mashua na ya matanga, majina yenu, njia, na saa za siku ya pili: kijighuba saa 3, na ujumbe kwake hapo kama mnaingia au mnaendelea, hori kati ya saa 7:20 na 9:20. Asiposikia kitu saa 10:30 apige simu zenu na za mjomba. Saa 11 kamili, bila kusubiri tena, apige kituo cha uokoaji, wakati mwanga wa kutafutia bado upo. Nanyi mkifika mumjulishe kabla ya kufungua mzigo.